Ringi Yangu Isipanuliwe

Sikilizeni wanangu, na wewe Chrispin kaa chini, maana haya nitakayosema sikusimuliwa na mtu. Niliyaona yote mwenyewe kwa macho haya mawili, ambayo leo moja lina mtoto wa jicho, lakini siku zile yote yalikuwa ya mwewe.

Miaka ishirini na mbili nilikuwa kocha msaidizi wa mpira wa kikapu hapa Manyoni, timu ya shirika la mazao, na watu wamenicheka kwamba msaidizi ni mbeba ndoo. Ndoo nilibeba, sikatai. Lakini makocha wakuu sita walikuja na treni wakaondoka kwenye timu mmoja mmoja, mimi nikabaki na filimbi. Wahenga walisema mtembea bure si sawa na mkaa bure. Wahenga hao hawakunijua.

Wa kwanza alikuwa Lazaro, huyu huyu jirani yetu, mrefu kama nguzo ya simu. Ndiye aliyenituma kwa mhunzi nikatengenezeshe ringi, na ilipofungwa akasema ni nyembamba, mpira utapita kwa kubembelezwa. Nikamjibu mbele ya wachezaji, "Mwalimu, nimefanya makusudi. Aliyezoea mlango mwembamba, mpana utamshinda nini?" Akanuna mwaka mzima. Basi tulipokwenda Dodoma, vijana wetu walikuta ringi za huko pana kama beseni, wakatumbukiza mpaka refa akaomba kuukagua mpira. Kikombe akabeba Lazaro, picha akapigwa Lazaro, na mimi mnaliona bega langu tu pembeni, pale ukutani sebuleni. Bega hilo ndilo lililoshinda.

Kisha ikaja enzi ya ruksa, kila mtu na biashara yake, shirika likafa, uwanja akauziwa mwenye mabasi. Wenzangu waligombania viti na taipureta. Mimi niling'oa nguzo na ringi yake, nikaivuta kwa mkokoteni wa punda, nikaisimika kwenye kiwanja hiki. Sasa wewe Chrispin unataka kuing'oa uweke mashine ya kukamua alizeti, na jana ukanisimamia hapa kitandani ukasema, "Baba, chuma chenyewe hata si saizi halali." Hayo ni maneno ya Lazaro, mwanangu. Umeyaokota wapi?

Chukua shamba la Kintinku na ng'ombe wote, hata yule mwekundu mwenye mateke, alizeti yako ukaikamulie huko. Kiwanja hiki na nguzo yake ni vya dada yako Yustina, anayefundisha wasichana kikapu hapo nje kila jioni. Najua baba zenu wadogo watasema mtoto wa kike hapewi kiwanja. Waje waniambie ningali napumua, wakichelewa, wameshindwa. Mwenyekiti wa mtaa ameshaandika wosia, na dole gumba langu lingali na wino, tazameni.

Nipeni maji kidogo. Basi, yatosha.

Mkishanizika, kila aliyekuja msibani apige mpira mmoja kwenye ringi kabla hajanawa kula, na Lazaro aanze. Akikosa, mpeni ugali hivyo hivyo, ila nyama mumpunguzie. Yustina mama, usiipanue ile ringi hata waje na barua yenye mhuri. Mungu awape pumzi ndefu kuliko yangu, na muishi mkipasiana, asiwepo kati yenu wa kung'ang'ania mpira peke yake.

Sogeeni, sauti inaniishia. Yote niliyaona kweli, isipokuwa moja nililitunga mwenyewe. Lile la makusudi. Lazaro aliniambia upana wa ringi ni shubiri mbili, nami nikampimia mhunzi shubiri mbili... kwa mkono wangu huu. Uoneni ulivyo mdogo. Lazaro alisema kweli miaka yote hii. Mwambieni... lakini akishapiga. Akishakosa.