Bi. Iyatunde Georgiana Cole, Aliyesimama Chini ya Ngazi ya Ndege

Bi. Iyatunde Georgiana Cole, tunayemlaza leo katika udongo wa Regent, alizaliwa Jumanne tarehe 5 Machi 1963, katika nyumba ya mbao iliyo nyuma ya kanisa hili. Alikuwa kifungua mimba wa Mzee Josiah Metzger, seremala, na Mama Adelaide. Bibi yake alikuwa amefariki wiki tatu tu kabla, ndiyo maana akaitwa Iyatunde, yaani mama amerudi. Mdogo wake wa pekee, Bw. Akibo Metzger, ndiye anayesoma karatasi hii. Yeye alizaliwa miaka sita baadaye, na wazee wa Regent wanakumbuka kwamba dada yake alimbeba mgongoni hadi miguu ya mtoto ikawa inaburuta chini.

Marehemu alisoma shule ya msingi ya kanisa hapa hapa, kisha sekondari ya wasichana mjini Freetown, akamaliza mwaka 1981. Alikuwa akishuka mlima kwa miguu kila alfajiri na kupanda tena jioni. Baada ya hapo alisomea uhazili kwa mwaka mmoja. Mwandiko wake ulikuwa mzuri kiasi kwamba nusu ya kadi za harusi za kijiji hiki ziliandikwa kwa mkono wake, naye hakuwahi kudai zaidi ya sahani ya wali wa harusi.

Mwaka 1985 aliajiriwa uwanja wa ndege wa Lungi, kuhudumia abiria. Huko alikutana na Bw. Festus Cole, fundi umeme wa taa za njia ya ndege, mtu mpole aliyekuwa akija kaunta yake kila siku kuuliza kama balbu zinawaka vizuri. Siku moja marehemu akamwambia, "Festus, balbu hizi ni nzima tangu Pasaka. Sema kilichokuleta." Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 16 Desemba 1989. Mungu hakuwajalia mtoto. Bw. Festus alifariki mwaka 2011, na mjane wake akarudi kuishi katika nyumba ya wazazi pamoja na mdogo wake, wifi yake Rosaline na mtoto wao Olivette, ambaye hadi leo humwita marehemu Mama Iya.

Wakati huo alikuwa msimamizi wa kituo cha shirika la ndege la Zenata, lililoruka kati ya Lungi na Casablanca. Mwaka 2014 ugonjwa wa Ebola ulipoingia nchini, mashirika mengi yalisitisha safari moja baada ya jingine. Zenata haikusitisha. Ndege hiyo ndiyo iliyoleta madaktari, glavu na vifaa vya kupimia damu, na ndiyo iliyowachukua waliokuwa na sababu ya kusafiri. Wakubwa wa Casablanca walimwambia wazi kwamba akipanda mgonjwa mmoja tu, marubani watagoma na ndege haitarudi tena. Kwa hiyo abiria wakishapimwa joto mlangoni na kupimwa tena ukumbini, yeye mwenyewe alisimama chini ya ngazi ya ndege na kuwapima mara ya tatu. Mheshimiwa mmoja alikataa kuelekezewa kipimajoto usoni, akisema anajulikana. Marehemu akamjibu, "Najua, Mheshimiwa. Lakini mashine hii haisomi cheo, inasoma joto." Mheshimiwa akainamisha kichwa, akapimwa.

Aya zinazofuata, kamati ya mazishi ilishauri ziondolewe. Bw. Akibo mwenyewe aliandika wasifu wa kwanza bila aya hizo, akampa binti yake ausahihishe. Olivette aliusoma, akaurudisha mezani.

"Baba, Oktoba iko wapi?"

"Mazishi si mahali pa mambo hayo."

"Basi usipoisoma wewe, nitaisoma mimi."

Jumapili tarehe 24 Agosti 2014, marehemu alikuja nyumbani baada ya siku sita kazini, akakuta geti limefungwa kwa mnyororo. Mdogo wake alisimama upande wa ndani.

"Usiingie, Dada. Sema ukiwa hapo hapo."

"Akibo, nimeoga kwa klorini mpaka ngozi inawasha. Sijamgusa mtu bila glavu."

"Unashinda na watu wanaotoka kila wilaya. Mimi nina mtoto humu ndani."

"Na mimi nina kitanda humo ndani."

Bw. Akibo hakufungua. Marehemu alikuwa amebeba mikate na makopo ya dagaa, akaviweka juu ya ukuta, akamwambia Olivette aliyekuwa dirishani asome vitabu vyake maana shule zikifunguliwa hawatauliza nani alicheza. Alipokwisha kushuka mlima, mdogo wake aliisukuma ile mikate bondeni kwa fimbo. Nyumba ile ni ya wote wawili, wazazi waliwaachia pamoja. Tangu siku hiyo marehemu alipanga chumba Lungi, na hakulala tena Regent hadi nchi ilipotangazwa kuwa salama Novemba mwaka uliofuata.

Jumamosi tarehe 11 Oktoba, Bw. Akibo alimchukua Olivette, wakati huo ana miaka kumi na mmoja, ampeleke London kwa ndugu wa mama yake, kupitia Casablanca. Mtoto alikuwa ameamka na homa. Baba alijua. Alimpa vidonge viwili vya kushusha homa nyumbani, na viwili tena ndani ya boti ya kuvukia Lungi. Mlangoni mtoto alipimwa, akapita. Ukumbini akapimwa, akapita. Chini ya ngazi, kipimajoto cha shangazi yake nacho hakikuona kitu. Lakini marehemu alimwona mtoto amevaa sweta kwenye jua la saa nane, jasho linamtiririka mpaka kidevuni.

"Olivette, umekunywa dawa leo?"

"Dada, watu wanatazama," Bw. Akibo akasema.

"Waache watazame. Nimemuuliza mtoto, sijakuuliza wewe."

Mtoto alimtazama baba yake, kisha akasema, "Vinne, Mama Iya. Viwili nyumbani, viwili kwenye boti."

Marehemu alifumba macho kidogo. Akasema, "Hampandi."

Nyuma yao palikuwa na abiria zaidi ya sitini. Bw. Akibo alipaza sauti ili wote wasikie. Alisema dada yake analipiza lile geti. Alisema huyo ni mwanamke tasa, hajui uchungu wa mtoto, na ndiyo maana anaweza kumfukuza mtoto wa mwenzake mbele ya mlango wa ndege. Neno hilo limechapwa hapa kama lilivyosemwa, kwa kuwa aliyelisema hajapata usiku hata mmoja wa kulisahau. Marehemu aliwasogeza pembeni, akamwambia mdogo wake kwa sauti ya chini:

"Sheria inasema nimpeleke hemani kwa wanaoshukiwa Ebola. Humo wamo wagonjwa kweli. Kama hana ugonjwa ataupatia humo. Nenda naye nyumbani, msipokee mtu, msitoke. Kesho umpime damu. Akitapika, piga simu kabla hujamgusa. Umenielewa, Akibo?"

Katika ripoti ya siku hiyo aliandika, kwa mwandiko wake ule mzuri, kwamba abiria wawili wameahirisha safari kwa hiari yao. Baadaye alimwambia wifi yake Rosaline kwamba kwa miaka ishirini na tisa ya kazi hiyo ndiyo karatasi pekee anayoionea haya. Kwamba aliwapima watu wa wenzake kwa sheria na wa kwake kwa huruma, na kama mtoto angekuwa na ule ugonjwa, wale waliokaa naye kwenye boti wasingefuatiliwa na mtu, wangekufa kwa kalamu yake. Alihesabu siku ishirini na moja, muda wa Ebola kujitokeza. Kila asubuhi alipiga simu. Bw. Akibo hakupokea, Rosaline alipokea kwa siri jikoni. Damu ilionyesha malaria, na mtoto alipona ndani ya wiki moja. Ndege ya Zenata iliendelea kuja kila wiki hadi mwisho.

Jambo lingeweza kuishia hapo. Lakini kwa miaka tisa Bw. Akibo aliwaambia ndugu, majirani na waumini wa kanisa hili kwamba dada yake aliwarudisha kwa kisasi. Vile vidonge hakuvitaja hata mara moja. Wako humu ndani watu walioacha kumsalimia marehemu kwa ajili ya maneno hayo, na hawana kosa, waliambiwa hivyo na mdogo wake wa damu. Marehemu alijua kinachosemwa. Rosaline alipomwuliza kwa nini hajitetei, alisema, "Nikisema alimnywesha dawa, watamwita muuaji. Acha mimi niitwe mwenye roho mbaya. Ni jina jepesi zaidi." Rosaline alinyamaza pia, na ameomba hilo nalo lisomwe.

Marehemu alistaafu mwaka 2018. Alianza kuugua figo mwishoni mwa mwaka 2022, akatibiwa Freetown kwa uvumilivu mkubwa. Wiki yake ya mwisho mdogo wake alikwenda kumwona hospitalini alasiri tatu. Siku ya kwanza alizungumza habari za mabati ya nyumba yanayovuja. Siku ya pili akamenya chungwa, akazungumza tena habari za mabati. Siku ya tatu marehemu alimwambia, "Akibo, mabati nimeshayaelewa. Kaa tu." Akakaa mpaka kengele ya kuwatoa wageni ilipolia. Hakusema alichoendea. Bi. Iyatunde alifariki Alhamisi tarehe 18 Aprili 2024, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na umri wa miaka sitini na mmoja.

Ameacha wifi yake Rosaline. Olivette, aliyemlea, ambaye sasa ni mwalimu mwanafunzi huko Bo. Binamu wa ukoo wa Metzger na wa Cole. Na wenzake wa Lungi, waliokuja leo na sare zao. Ameacha pia mdogo mmoja, aliyemtukana mbele ya watu na hakumtaka radhi akiwa hai. Anamtaka radhi leo, mbele ya watu.

Lala salama, Dada Iya. Bwana akupokee pasipo geti.