Nani Atambeba Meya Stroud

Benchi la nje kwa kinyozi Gottlieb lina wenyewe, na wenyewe ni wazima moto wa zamani wa kujitolea: Masharubu, Filimbi na Hosea, ambaye wenzake walimbatiza Ndoo. Kutwa wako pale na vikombe vyao vya bati, wanakunywa kahawa ya bure na kumsema Gottlieb kwamba hajui kuipika. Asubuhi hiyo kulikuwa na habari nzito. Meya Stroud, aliyekuwa mkuu wao kabla hajapata umeya, anazikwa mchana, na bintiye anaomba kikosi chake cha zamani kimbebe, kama ilivyo desturi. Hosea alitaka sana kwenda. Tatizo walishakula kiapo kwamba hawatamfanyia lolote tena, maana Stroud huyohuyo ndiye aliyekivunja kikosi, akaleta injini ya mvuke ya kusukuma maji na wazima moto wa mshahara.

— Mimi simbebi, alisema Masharubu. Alihongwa na wauza farasi. Ile injini inavutwa na farasi wanne, nani kafaidi?

— Farasi wapi, bwana, alidakia Filimbi. Meya hasa alikuwa mkewe, alichoka na buti zetu za matope sebuleni.

Masharubu akaona amezidiwa, akapandisha dau: Stroud alitumwa na Waingereza, ndiyo maana hakuna aliyewahi kumwona akila mahindi. Filimbi naye akaapa kuwa ndani ya injini hamna mvuke wala nini, mna nguruwe anazungusha gurudumu. Hosea alicheka mpaka kahawa ikampalia.

— Na wewe Ndoo, unasemaje? Masharubu alimuuliza.

— Alikuwa mkuu wetu.

— Alikuwa.

Hapo Permelia, binti wa marehemu, akatokea mwenyewe na nguo zake za msiba. Wakavua kofia. Hakulia wala hakubembeleza.

— Wazee wangu, nina swali moja tu. Siku duka la baba linaungua, mlikuwepo nyinyi na wapinzani wenu wa Kikosi cha Pili. Nani kati yenu alikuwa anamwaga maji?

Masharubu akatazama buti zake. Yeye na Filimbi walikuwa katikati ya barabara wakitwangana na Kikosi cha Pili. Hosea ndiye aliyelifunika bomba la maji kwa pipa, akalikalia saa nzima kwa fahari, wapinzani wasilifikie kabla ya gari la kina Hosea, maana sifa zote zilikuwa za kikosi kilichowahi bomba. Duka likateketea mbele ya macho yake; Stroud akakivunja kikosi, lakini Hosea mwenyewe hakumlaumu hata siku moja. Aibu ilimpanda hadi masikioni.

Akaweka kikombe chini, akasimama.

— Kichwani mwa jeneza ndiko kuzito, mwanangu. Nitashika huko.