Jabali, Aliyeng'oa Kiti Chake Akaweka Tangi la Maji

Ndugu, jamaa na majirani, tunayemzika leo alikuwa mtoto wa kwanza wa nyumba yetu. Maneno haya yameandikwa na mama yake. Yanasomwa na mjomba wake, kwa kuwa sauti ya mama isingefika mwisho wa ukurasa.

Marehemu alizaliwa Jumapili alfajiri, tarehe 9 Juni 1991, katika zahanati iliyo nyuma ya soko. Alikuwa mdogo mno, mikono kama vijiti vya kiberiti. Shangazi yake alipofunuliwa blanketi alisema, "Kumbe hili ndilo jabali lenu?" Utani ukageuka jina, na jina likamkaa maisha yake yote, ingawa hakuwahi kunenepa.

Alisoma shule ya msingi ya mtaa wa pili kutoka nyumbani. Akiwa darasa la tatu aliumwa koo, kisha ikaja homa iliyomshika viungo na mwisho ikaingia moyoni. Daktari alisema vali moja ya moyo haifungi sawasawa, na kwamba mtoto asikimbie wala kubeba vizito. Tangu siku hiyo usingizi wa mama yake ulikuwa wa mang'amung'amu. Wenzake wakicheza mpira, yeye alikaa pembeni akikata ndege za maboksi. Alimaliza sekondari mwaka 2009, akasomea umekanika miaka miwili.

Mwaka 2012 aliajiriwa kwenye karakana ya pampu za maji, baadaye akafungua chumba chake mwenyewe, kikitazamana na cha rafiki yake mchomeleaji, ambaye wote tunamwita Cheche. Mteja akija na pesa mkononi kununua pampu mpya, Jabali aliifungua kwanza ile ya zamani. "Haijafa hii, imeziba tu. Rudi nayo nyumbani." Cheche alikuwa akimwambia atakufa maskini kwa ukweli wake.

Mke wake ni mshonaji. Walikutana siku aliyopeleka kitambaa kishonwe, kirefu kama mlango wa ghala, upande mmoja mviringo.

"Shati la nani hili, kaka? Ana mkono mmoja?"

"Si shati, dada. Ni bawa."

"La malaika?"

"La ndege."

Alirudi kwenye cherehani hiyo mara nyingi kuliko kitambaa kilivyohitaji. Walifunga ndoa tarehe 16 Septemba 2017 na Mungu akawajalia binti mmoja, ambaye sasa ana miaka mitano.

Ndege hiyo aliijenga na Cheche kwa miaka tisa, katika banda nyuma ya karakana, kwa injini ya gari dogo. Mama yake hakuipenda, na hakumficha. Daktari naye alikataa kabisa asiirushe mwenyewe. Ndipo akapatikana rubani mstaafu, mzee aliyekuwa akinyunyizia mashamba dawa, akakubali kuirusha. Jabali angekaa kulia kwake. Hilo ndilo alilolitaka kuliko vitu vyote: akae kwenye kiti kile mara moja tu, aione dunia kutoka juu, kabla moyo haujachoka.

Lakini siku ya kuijaribu chini, kwenye uwanja wa nyasi, injini ilipofunguliwa mafuta yote ilipata joto kupita kiasi ikaanza kugonga, kama mtu anayepiga sufuria kwa kijiko ndani ya chuma. Rubani akazima, akashuka.

"Nikipunguza mafuta, hatuipiti ile miti mwisho wa uwanja. Nisipopunguza, injini itapasuka. Sasa niambie wewe, mjukuu wangu, tufe kwa lipi?"

Jabali alikaa na jambo hilo wiki kadhaa, halafu akasema dawa yake ni maji. Mama yake alidhani hakusikia vizuri. "Wewe si ndiye unayewaambia watu maji yasiguse injini?"

"Yakiingia mengi yanaua, mama. Yakiingia kama umande, pamoja na hewa injini inayovuta, yanaipoza."

Akachukua pampu ndogo inayooshea kioo cha gari, mrija mwembamba wa shaba, na kipande cha shaba alichokitoboa tundu dogo lisilopitisha hata sindano ya mkewe. Maji yalikuwa yale safi ya betri, akayachanganya na spiriti. Cheche akasema, "Basi ndege yetu ni mlevi."

"Inakunywa wakati wa kuondoka tu."

"Hata shemeji zangu husema hivyohivyo."

Walipoijaribu, kugonga kukakoma. Ila tangi la maji halikuwa na mahali. Likikaa nyuma, ndege inaelemea mkiani. Mbele hapakuwa na nafasi. Palipofaa ni pale pa abiria, na tangi na abiria kwa pamoja vilikuwa vizito kupita uwezo wa mabawa. Cheche alimwambia apunguze maji. Akajibu kwamba yakipungua yataisha kabla ya miti. Akachukua spana, akakifungua kiti mwenyewe. Mama yake alipoona boliti zinatoka alimshukuru Mungu kimoyomoyo, kisha akaenda nyuma ya banda kulia, maana aliuona uso wa mtoto wake.

Jumamosi tarehe 12 Aprili 2025 rubani aliirusha peke yake. Jabali alisimama kando ya uwanja, mama yake akimshika kiganja kama alivyozoea. Injini ilinguruma bila kukatika, magurudumu yakaacha nyasi, miti ikabaki chini. "Sikiliza, mama," alisema. "Haigongi." Ndege iliposhuka watu walimbeba rubani juujuu. Jabali alikuwa amepiga magoti, anakagua mrija wake wa shaba.

Mwezi wa nane miguu ilianza kuvimba na pumzi ikawa fupi. Alilazwa, akatoka, akalazwa tena. Maji ya kunywa alipimiwa kwa kikombe. Alimwambia muuguzi kwamba hata yeye sasa amefungiwa katundu kadogo, kama injini yake.

Alipokuwa nyumbani mara ya mwisho, rubani alikuja akaketi ukingoni mwa kitanda. "Nimefikiri sana. Asubuhi kukiwa na baridi tutoe tangi, turudishe kiti, nikuzungushe uwanja mara moja. Injini labda itavumilia." Mama yake alikuwepo. Safari hii hakukataza.

Jabali alimgeukia. "Ikianza kugonga juu ya miti?"

"Nitapunguza mafuta."

"Ukipunguza hupiti."

"Labda nitapita."

"Babu, nyumbani kwako kuna watu wanakusubiri ule nao. Mimi siwezi kupanda juu ya labda."

Mzee alivaa kofia yake akatoka bila kuaga.

Marehemu alifariki Jumatatu mchana, tarehe 3 Novemba 2025, kitandani mwake, mkewe na mama yake wakiwa pembeni. Wako wanaosema mtaani kwamba ndege ndiyo iliyomuua. Tunaomba wajue leo kwamba Jabali aliijenga ile ndege kwa miaka tisa na hakuipanda hata mara moja.

Baba yake alimtangulia mwaka 2014. Ameacha mama, mke, binti, wadogo zake wawili, na mjomba wake anayesoma haya. Ameacha Cheche, rafiki aliyekuwa ndugu. Na familia imeomba kwenye orodha hii aongezwe rubani mzee, ingawa si damu yetu. Amekuja leo kwa miguu yake mwenyewe, mzima, na jioni atarudi kula na watu wake. Naye pia ni katika walioachwa hai na Jabali.

Lala sasa, mwanangu. Pumua taratibu, hakuna kinachokuharakisha.