Simba, Korongo na Namba Sita

Pale Bariadi, kwenye kona ya stoo ya pamba iliyofungwa tangu msimu uishe, kuna benchi la mbao linaloitwa Bungeni, na wenyewe hawaoni aibu. Hukaa hapo watatu kila asubuhi. Kasmiri aliwahi kusafirisha ng'ombe hadi mpakani mwa Kenya, na anaitwa Takwimu kwa sababu hana jambo asilolitajia tarakimu. Limbu hupima pamba vijijini msimu ukifika, basi yeye ni Mzani. Hemed ni afisa mifugo aliyehamishiwa huku kutoka Tabora. Wanamwita Daktari, ingawa wagonjwa wake wote wana mikia. Anayewauzia kahawa ni Kwandu, ambaye wao humwita Mama Marcelo, na wanaamini Marcelo bado yuko Kampala, alikokulia kwa mama yake mdogo. Marcelo hayuko Kampala. Yuko Kasoli kwa bibi yake, kitandani, na kuanzia kifuani kwenda chini hahisi kitu. Alivunjika shingo mwezi wa tatu akiichezea raga timu ya vijana ya Uganda dhidi ya Kenya. Kwandu alificha, kwa kuwa aliwajua watu wake: wangekaa wiki nzima wakimtungia sababu.

Asubuhi hiyo Takwimu alikuja na simu mpya.

— Mwangaluka, mayu, akamsalimia Kwandu kwa Kisukuma. Mama, nimiminie. Leo nimewaletea raga. Kenya na Uganda, vijana, mechi ya mwaka huu.

Kwandu akamimina, akampa kikombe chake. Hakuwa ameiona mechi ile. Alipigiwa simu tu, akaambiwa mtoto ameanguka vibaya, na miezi minane yote alikuwa akijichorea mwenyewe huko kuanguka vibaya kukoje.

— Hao wanagombea nini? akauliza Mzani.

— Ni ugomvi wa tangu mkoloni huo. Wameshakutana mara mia mbili na kumi na moja.

— Nani kahesabu?

— Mimi. Kenya wanaitwa Simba, Uganda ni Korongo.

— Basi mimi niko na Uganda.

— Mzani, hii Simba siyo ya Msimbazi.

— Simba ni Simba. Mimi ni Yanga toka tumboni.

Daktari alicheka hadi akapaliwa na kashata. Takwimu akainua kidole, akaanza historia.

— Chanzo chake ni mlima. Kombe la wakubwa zao limepewa jina la Mlima Elgoni, na mlima ule mpaka umepita katikati. Mkoloni alipoondoka hakusema kilele ni cha nani. Ndiyo maana wanacheza kwa Mkenya, wanarudiana kwa Mganda. Anayeshinda, mwaka huo ng'ombe zake zinachungwa juu.

— Uongo, akasema Mzani. Hii ni Bagika na Bagalu kabisa. Ngoma mbili, kila moja na mganga wake, watu wanagawanyika hadi ndani ya nyumba moja. Kuna Msukuma aliwapelekea. Hebu tazama huo mpira wao, mbona si wa duara? Ule ni kibuyu. Mpira unapigwa teke, ila dawa inakumbatiwa. Na kwa nini wanautoa kwa nyuma tu? Dawa hairushwi mbele, inampita mwenyewe.

— Nyie mnaangalia mpira, akasema Daktari. Angalieni shingo. Wale wamezalishwa kwa mpango. Mkenya alichanganya damu ya milimani na ya pwani, Mganda akajibu kwa kuchanganya ya magharibi. Ni vita ya mbegu hiyo. Kitaalamu, mechi ni mnada tu.

Neno shingo lilimpita Kwandu kama kaa la moto. Alisogea nyuma ya Takwimu, birika mkononi, akajifanya anatafuta kikombe kitupu. Alitaka kuona, na alijichukia kwa kutaka.

Alimtambua mara moja. Namba sita, bandeji nyeupe kichwani, ileile ya kwenye picha aliyomtumia asubuhi ya mechi. Marcelo alikuwa anakimbia. Kwandu alikuwa amesahau jinsi mwanawe anavyokimbia. Kisha jitu moja la Kenya likamwingia ubavuni, wakaenda chini wote wawili. Jitu likainuka.

Ndiyo hivyo tu. Lilikuwa jambo fupi kuliko kujaza kikombe.

— Nzagamba huyo, akasema Mzani. Dume kamili. Rudisha tena.

Takwimu akarudisha. Akarudisha mara ya tatu.

— Huyo namba sita anajiangusha, akasema Daktari. Oneni, hakuguswa sana.

— Uganda wanaongoza kwa tatu, akadakia Takwimu. Anaua muda. Kama makipa wetu, wakiongoza wanalala.

— Sasa nimeelewa, akasema Mzani. Chuki yote imetokea hapo. Mganda aligundua kulala, Mkenya akakasirika. Mlima wala haumo.

— Hata bandeji ni maigizo, akasema Daktari. Ameivaa mapema.

Wakacheka watu wazima watatu, mmoja akijipiga paja. Kwandu aliwachukia kwa moyo wake wote. Aliwachukia kwa kahawa aliyowamiminia miaka tisa, na kwa vikombe vyao alivyosuuza.

Wakati huo alifika Harieth, mwalimu mpya wa shule ya jirani, bado wiki yake ya kwanza mjini. Aliomba kikombe kimoja, akasalimia, akaegemea kutazama kilichowachekesha. Video ikaisha.

— Huyo aliyelala, akauliza, aliamka?

Takwimu aligusa simu. Akairudisha, ikaishia palepale.

— Itakuwa aliamka, akasema. Wanaamka wote.

— Mlimwona?

Daktari alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

— Hajaamka, akasema Kwandu.

— Wewe mayu umejuaje? akauliza Mzani.

— Nimemzaa. Yuko Kasoli. Saa sita ni zamu yangu kwenda kumgeuza, asioze mgongo. Mama yangu hamwezi tena peke yake, ni mzito.

Simu iliwekwa juu ya benchi, kioo kikiangalia chini. Mzani akajikohoza.

— Mama Marcelo, ungetuambia. Sisi tungejuaje?

— Mngejua, mngesema nini?

Aliuliza bila ukali, akasubiri. Alitaka kweli kusikia. Alimtazama Takwimu, kisha Mzani, kisha Daktari, watu ambao asubuhi hiyo walikuwa wamekwisha kueleza mlima, ngoma na damu za mataifa mawili. Takwimu akaichukua simu yake, akaitia mfukoni.

Kwandu akamimina kahawa iliyobaki juu ya mkaa, ukazima, akaenda kutafuta bodaboda ya Kasoli.