Lidwina Aliyefagia Kikavu

Ndugu mliokaa chini na mliosimama, wazee wenzangu, wajane, majirani wa barabara ya boma, Wakristo na Waislamu, na wewe askari uliyeegemea ua wetu tangu asubuhi, karibu, sogea usikie vizuri, ili jioni usihangaike kuwauliza watu nilisema nini. Historia hii ilikuwa isomwe na katekista Tadei, ambaye alinitafutia tarehe katika kitabu cha misheni, lakini tulipofika ukurasa wa pili tumbo lilimshika ghafla akaenda kulala, basi naisoma mimi, mama mkwe wa marehemu, niliyejifunza herufi ukubwani kwa kuchora mchangani, mnivumilie nikikwama.

Marehemu Lidwina alizaliwa Matogoro, chini ya mlima, mwaka ambao hakuna aliyeuandika, mama yake alisema tu kwamba Wajerumani walipokuja kujenga boma hapa Songea mwaka 1897, binti alikuwa ameshaanza kujifunga nguo kifuani. Shule hakuipata, alipata mafundisho ya dini, akabatizwa siku ya Pasaka, tarehe 15 Aprili 1900, na tarehe 8 Oktoba mwaka huohuo aliolewa na Kajetani, mwanangu wa pekee, akaja kukaa kwangu.

Sitaficha, siku ya kwanza sikumpenda. Aliamka akafagia uwanja wangu kikavu, vumbi likaingia mpaka kwenye chungu cha mboga, nikamwambia, wewe binti, kwenu mnafagia kama kuku anavyoparua, mwanamke aliyefundwa hunyunyiza maji kwanza, vumbi likalala, ndipo anashika ufagio. Akaitika, ndiyo mama, akachukua kibuyu kidogo, akakitoboa mdomo, akachomeka humo kijiti cha majani cha kunyunyizia, na tangu siku ile hakufagia tena bila kunyunyiza. Maneno yale niliyasema mimi, kwa mdomo huu, myakumbuke, tutarudi kwayo.

Mungu aliwajalia watoto wawili, Adela, aliyezaliwa tarehe 2 Agosti 1901, huyu mnayemwona hapa amejifunga kaniki ya mama yake, na Urban, aliyezaliwa tarehe 11 Mei 1904. Septemba 1905 Kajetani aliondoka na wanaume wenzake, wamenyunyiziwa ile dawa ya kibuyuni, jina lake mnalijua, wameambiwa risasi zitageuka matone, hakurudi, hatukupata hata mfupa wa kuzika, na tarehe yake ya kufa imeachwa wazi kitabuni.

Kazi ya marehemu ilianza Machi 1906. Barabara itokayo lango la boma mpaka sokoni ilikuwa imeachwa tangu vita vianze, njia ya miguu ya pembeni imeota magugu, mawe yake yameng'oka, mashimo yamejaa mifupa ya ng'ombe, maganda ya risasi, matambara, na vitu ambavyo sisi wajane tuliviokota bila kuulizana ni vya nani. Bomani walisema mji ni mchafu. Waliouchafua hawakutajwa, tulioitwa kuusafisha ni wajane, kila mmoja akapimiwa kipande chake kwa kamba, na Lidwina alipewa kipande kinachopita pale walipowanyonga wanaume wetu mwezi uliotangulia, miti yenyewe ilikuwa bado imesimama. Akafagia chini yake macho yakiwa chini. Njia ya miguu aliifukia mashimo kwa changarawe, akaishindilia kwa mchi wa kutwangia, akarudisha mawe kwenye mstari, akayapaka chokaa, nanyi mnaopita pale leo miguu mikavu wakati wa masika mnapita juu ya mikono ya mkamwana wangu.

Asubuhi ya tarehe 19 Machi 1906, siku ya Mtakatifu Yosefu, alikuwa kwenye kipande chake, kibuyu mkono wa kushoto, anachovya kijiti, ananyunyiza kulia, ananyunyiza kushoto, kama nilivyomfunza. Akapita askari mmoja mgeni wa pwani, ambaye siku hizi hayupo hapa. Akasimama, akauliza, mama, umebeba nini humo, na Lidwina, kwa kuwa aliulizwa na kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa, akajibu, maji, baba.

Nilikuwa kipande cha pili, nililisikia neno likianguka. Wajane wote tulitupa fagio, wengine wakakimbilia mtoni, mimi nikabaki nikitazama. Kibuyu, kijiti cha majani, mwanamke wa Kingoni, chini ya miti ile, na neno lile. Alipoona bunduki imeinuliwa akadhani askari hakuelewa Kiswahili chake, akalirudia kwa Kingoni, manji, manji tu, baba, na yule mtu katika Kingoni chote neno alilolijua lilikuwa hilo moja. Akakipiga kibuyu kwa kitako cha bunduki kikapasuka, akamburuza mpaka lango la boma, akamfunga kwenye nguzo, na tukasikia kamba ya kumnyongea imeagizwa.

Aliyemwokoa yuko hapa, Zabibu, mke wa askari mwingine, Myao wa Namasakata, alikuwa anaishi nyumba zile za nyuma ya boma. Alitoka na kibuyu chake mwenyewe, akasimama mbele ya lango, akaanza kunyunyiza na kufagia huku anasema kwa sauti ya kugombana na mbuzi, enyi wanaume, nyumbani kwenu nani anafagia, mbona hamjui uwanja unavyofagiliwa, haya, mimi kwetu naita mesi, nifungeni na mimi, halafu jioni mjipikie. Wakacheka. Kicheko kile ndicho kilichomfungua Lidwina, si hukumu, alichapwa viboko kumi na tano, akaambiwa arudi kazini, na hakuna aliyemkataza kunyunyiza.

Alijikataza mwenyewe. Tangu siku ile hakubeba kibuyu tena, alifagia kikavu, miaka sita na miezi saba, anakuja nyumbani kope nyeupe kama mtu aliyetoka kusaga unga. Nilimwambia, mama Adela, unakula vumbi la barabara, akasema, mama, neno lile nimelisema mara moja linanitosha. Nyumbani kwetu pia halikutajwa, watoto walifundishwa kusema, nipe ya mtoni, na Urban alipofariki kwa njaa tarehe 30 Januari 1907 aliomba ya mtoni, hakujua kama kuna jina jingine. Mwaka 1910 ililetwa ndoo ya bati yenye matundu, ya kunyunyizia barabara, wenzake wakaipokea, yeye akaiacha stoo. Mtasema ni ujinga. Semeni, lakini nanyi siku zile mlikuwa mnaweka mtungi uvunguni mgeni akiingia.

Kikohozi kilianza kiangazi cha mwaka 1909, mwaka huu kikaja na damu, tarehe 21 Oktoba 1912 akaanguka kwenye kipande chake, tukambeba kwa machela. Alifariki Jumamosi ya jana, tarehe 9 Novemba 1912, asubuhi jua likichomoza, mlango umefungwa, ndani tukiwa mimi na Adela tu. Alinitazama akasema, mama, nipe ya mtoni. Hata pale. Nikampa, akanywa mafunda mawili.

Familia inamshukuru Sista Notburga wa misheni aliyempa dawa ya kifua bila kumsimanga, majirani mliochimba kaburi kwenye ardhi iliyokauka hivi, wajane wenzake wa barabara mliofagia kipande chake siku ishirini ili nyumba hii isipelekwe bomani, na Zabibu, ambaye sina neno la kumlipa.

Limebaki jambo moja, na hapa ndipo tumbo la Tadei lilipouma. Zamani kaburi likishafukiwa tulilinyunyizia ili udongo ukae, tangu vita tunazika kikavu, kwa woga, hata padre ameacha kuuliza. Hiki nilichoshika ni kibuyu cha Zabibu, kilekile cha langoni, amenipa asubuhi hii. Ndani yake kuna maji. Askari, umesikia, nimesema maji, ya kisimani, njoo uonje ukitaka. Bomani wameleta habari kwamba kipande cha nyumba hii kesho kisikutwe kichafu, na Adela ametajwa. Adela haendi, ufagio naushika mimi, na nitanyunyiza kwanza, kulia na kushoto, na atakayeniuliza nimebeba nini nitamjibu kama alivyojibu yeye, maana mimi ndiye niliyemfunza.

Sasa nyamazeni ninyunyize.

Pumzika kwa amani, mkamwana wangu. Vumbi limelala, lala na wewe.