Mzee Wekulo na Pilipili za Nchi Mbili

Baada ya miaka thelathini na miwili ya kuhesabu chakula cha Wakenya, Timothy Wekulo anastaafu tarehe 30 Novemba 1998. Mhariri wa jarida hili ametuomba tuandike kwa kifupi. Tutajitahidi, ingawa Mzee mwenyewe hajawahi kueleza jambo lolote kwa kifupi.

Aliajiriwa mwaka 1966 kama karani wa kukusanya bei za vyakula sokoni. Wakati huo aliishi Kibera, chumba kimoja na binamu zake kutoka Bungoma, na aliyechelewa kurudi ndiye aliyelala mlangoni. Alipanda cheo polepole hadi akawa msimamizi wa Kitengo cha Mizania ya Chakula, akahamia Gatina, Kawangware, pamoja na mkewe, Bi Sella. Huko wamelea watoto wanne, na kwaya ya kanisa lao imepata sauti ya besi ambayo majirani hawana namna ya kuikwepa.

Kazi ya kitengo chetu ni rahisi kuieleza na ngumu kuifanya. Unachukua chakula kilicholimwa, unaongeza kilichoingizwa nchini, unatoa kilichouzwa nje na kilichooza, kisha unagawa kwa idadi ya watu. Jibu ndilo fungu la kila mtu kwa mwaka. Mzee hakuliamini jibu lolote mpaka alione kwa macho. Alikuwa akienda Soko la Toi, ananunua fungu hilo lote na kulimwaga juu ya meza ya ofisi. Jambo hilo aliliita “kumkaribisha Mkenya”. Tumewahi kumkaribisha Mkenya wa maharagwe, wa vitunguu, na wa dagaa wa omena, ambaye harufu yake ilikaa nasi hadi Pasaka.

Mwaka 1995 ilikuwa zamu ya pilipili. Tulikuwa tukilinganisha takwimu zetu na za Uganda, na jedwali lilionyesha kwamba Mkenya hupata zaidi ya mara nne ya pilipili anayopata Mganda. Mzee alikwenda Toi kwa muuzaji wake wa siku zote, Mama Adero, akanunua mafungu mawili ya pilipili mbichi, la Mkenya na la Mganda. Mama Adero alipolitazama la Mkenya alishika kiuno: “Mzee, hii yote ni ya mtu mmoja? Si huyo tumbo itawaka moto!” Mzee alicheka, akalipa, na safari hiyo macho yake yakaliamini jedwali. Aliandika katika rasimu kwamba takwimu za Kampala zilikuwa pungufu, huenda kwa uzembe wa aliyezikusanya.

Aliyezikusanya alikuwa Bi Nabirye, afisa ambaye Mzee hakuwahi kukutana naye. Rasimu ilipofika Kampala, wakubwa wake walimtaka ajieleze mbele ya kamati, na mtu wa kushika nafasi yake akaanza kutafutwa. Habari hizo zilitufikia ofisini.

Huku Gatina, Bi Sella alikuwa amelianika fungu la Mkenya juu ya paa la ghorofa, katikati ya nguo za wapangaji. Baada ya siku kadhaa za jua kali alishuka na kibakuli. “Baba Vincent, pilipili yako ya ofisi imeisha hivi,” alisema. Mzee aliiweka kwenye mizani ya jirani muuza duka na akasahau chai yake. Fungu zima la Mkenya sasa lilikuwa na uzito uleule wa fungu la Mganda. Sisi tulihesabu pilipili mbichi kutoka shambani, wenzetu walihesabu kavu kutoka ghalani. Bi Nabirye hakuwa amepunguza chochote.

Wiki hiyohiyo Mzee alitarajiwa kwenye usaili wa kupandishwa cheo kuwa mkuu wa idara. Tulimshauri, mwandishi huyu akiwemo, asahihishe kimyakimya katika toleo la mwaka ujao. Mmoja wetu alimkumbusha kwamba pilipili usiyoila yakuwashiani. Mzee alijibu kwamba hii aliipika mwenyewe, na mama wa watu ndiye anayelishwa. Aliuacha usaili, akapanda basi kwa nauli yake, akafika Kampala siku ya kamati. Alisimama mbele ya watu wasiomjua, kibakuli mkononi, akasema takwimu za Bi Nabirye ni sahihi na mzembe ni yeye.

Cheo kilikwenda kwa mwingine. Aliporudi hatukujua tumpe pole au hongera, lakini yeye aliingia akiimba, akauliza nani amechukua kikombe chake.

Tangu siku hiyo kitengo kizima kilibadilika. Ukikosea hesabu, unainuka na kusema nimekosea, na hakuna anayetetemeka. Tunakupenda kwa hilo, Mzee, kuliko kwa majedwali yako yote.

Bi Nabirye, ambaye sasa ni msimamizi wa kitengo chake, ataketi meza ya mbele kwenye sherehe ya kukuaga. Hakualikwa. Alisikia tu kwamba unastaafu, akakata tiketi.

Asante, Mzee Wekulo. Wewe na Bi Sella mkastarehe kwa amani, afya na kicheko.