Kiti cha Dirishani, Upande wa Kivuli

Mimi sikwenda kijiweni kutafuta mashauri. Nilikwenda kwa shangazi yangu, na shangazi ndiye anayeuza kahawa pale, kwa hiyo ukimtaka yeye unapata na kijiwe chote. Mabenchi mawili yanayotazamana, birika katikati, na watu walewale wa kila asubuhi: Fundi Saa na kijimeza chake cha betri na vioo, Wembe, kinyozi wa mlango wa pili, ambaye wateja wakikosekana dakika tano ameshakuja kukaa, na Ramani, aliyeendesha lori miaka thelathini na hajaacha kuwaelekeza watu njia. Nimempakata mwanangu, miezi minane, simu mkononi, maana kesho tunapanda ndege kumfuata baba yake na simu inasema chagua kiti, na daktari amesema mtoto asipigwe na jua kali. Alizaliwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili, wamemfanyia upasuaji, wamemvisha miwani midogo yenye kamba kisogoni. Hii ni wiki ya tatu. Baba yake hajawahi kumshika hata siku moja. Nikamuuliza shangazi kwa sauti ndogo, hivi jua litakuwa upande gani. Nilikuwa namuuliza shangazi.

— Ndege inaelekea wapi? akadakia Fundi Saa.

— Kaskazini. Saa mbili asubuhi.

— Basi jua liko mashariki, na mashariki ni mkono wako wa kulia. Kaa kushoto. Kwisha habari.

— Haijaisha, akasema Ramani. Mlima uko wapi? Mlima uko kulia. Mtoto kafunguliwa macho majuzi, mara yake ya kwanza angani, halafu mnampeleka akatazame mawingu matupu?

— Daktari kasema jua, nikajibu. Mlima hakuutaja.

— Kwanza kulia ipi? akauliza Wembe. Maana hapa kulia kwangu ni kushoto kwako.

Ilikuwa kweli, kwa vile wanakaa wakitazamana. Basi Wembe akageuza benchi lake, wote wakaelekea upande mmoja kama abiria. Ramani akahamia mbele, akasema yeye ndiye rubani. Shangazi akaambiwa asimame kulia awe jua.

— Jua lina kahawa ya kumimina, shangazi akasema, lakini akasimama.

— Mimi kulia simshauri, Wembe akaendelea. Neno lenyewe linajieleza. Upande wa kulia mtu analia. Mtoto atalia mpaka mteremke.

— Na wanaokaa katikati? akauliza Fundi Saa.

— Hao wananuna.

Nikacheka, lakini macho yako kwenye simu. Viti vya dirishani upande wa kushoto vilikuwa vinne nilipofika, sasa ni vitatu, kuna watu huko wanachagua kimyakimya bila kijiwe. Nikigusa kimoja kinageuka rangi, naogopa, natoa kidole. Nikikosea je? Jua la safari nzima kwenye macho ya juzijuzi, na huko tuendako daktari hata mmoja hatumjui.

— Usihangaike, mwanangu, akasema Ramani. Ndege ikishapita mawingu, jua linabaki chini. Mwanga unakuja kutoka miguuni. Wewe mfunike miguu.

— Umeshawahi kulipita jua wewe? akauliza Fundi Saa.

— Na lori. Asubuhi nalikuta mbele, jioni nimeliacha nyuma.

Fundi Saa akaweka kikombe chini, akajishika kichwa.

— Tafuta kiti cha penye bawa, akasema Wembe. Bawa ni mwavuli.

— Bawa liko chini ya dirisha, bwana, akasema Fundi Saa.

— Ndege ikilala ubavu linapanda.

— Kuliko kuhangaika na mabawa, Ramani akasema, amwambie rubani kuna mtoto mwenye macho mapya, apinde kidogo. Mimi nilikuwa nawapindia watu.

— Ulipinda ukaingia mtaroni, shangazi akasema kutoka mashariki.

Wakati wanacheka akafika dobi, yule aliyehamia wiki hii chumba cha nyuma ya duka la dawa, amekuja na kikombe chake. Akawatazama watu wazima waliokaa kama abiria wa ndege, hakuuliza. Akamwinamia mwanangu, mwanangu akamkodolea macho kupitia vile vioo vinene.

— Huyu anaona mpaka wapi?

Ramani akanigeukia mimi, mimi nikamgeukia shangazi. Uso wangu anauona, ananishika pua. Kijiko anakiona, anafungua mdomo. Zaidi ya hapo sijajaribu, na ukweli ni kwamba nimekwepa kujaribu, maana ukijaribu unapata jibu. Daktari alisema tutajua polepole.

— Sijui, nikasema.

Wembe akatoa taulo jeupe begani, akasimama mbele ya mtoto, akalitikisa. Mtoto akacheka. Akarudi hatua tatu kinyumenyume, analitikisa. Safari hii hakuna aliyemfundisha namna ya kufanya. Akavuka barabara. Akafika kwa fundi cherehani, akaenda kushoto, na kichwa cha mwanangu kikaenda kushoto; akaenda kulia, kikaja kulia.

— Anamfuata, akasema Fundi Saa polepole, kama anayeshika kijigurudumu cha saa na hataki kukipumulia.

Nikagusa kiti. Kushoto, dirishani, kivulini. Nikathibitisha kabla kidole hakijapata muda wa kuogopa. Ramani akachungulia simu, akaanza kusema mlima, akaacha.

Wembe alikuwa ameshapita duka la dawa, mdogo kwa mbali, taulo limebaki kama kipande cha karatasi, na mteja amesimama mlangoni kwake anamsubiri. Mwanangu amenyoosha shingo na mkono mmoja.

— Bado ananiona? akaita.

— Anakuona.

— Nirudi?



— Nenda tu, kaka, nikamwambia. Nenda mpaka mwisho wa barabara.